Jumba la Beit el Ajaib Halikuangushwa na Mizinga

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji wa Unguja kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Kasri la Sultani likageuka kifusi. Jirani yake, Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilibaki limesimama.

Jumba hilo lililoshinda mizinga ya beberu liliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa amani, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, na roho za watu zikapotea. Sehemu ya baraza zake ilikwisha kuanguka tangu mwaka 2012. Lilingojewa onyo gani jingine?

Wapo wadaio kwamba jumba la masultani na lianguke tu. Hoja hiyo ina sura ya kimapinduzi, lakini ndani ni tupu. Barghash hakubeba jiwe hata moja. Mawe, chokaa na boriti vilibebwa mabegani na wavuja jasho, katika mji ambao hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1897. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliirudisha mali hiyo kwa wenyewe. Kuiacha ioze si kumkomoa Sultani, aliyezikwa tangu 1888. Ni kumnyang'anya mwananchi kwa mara ya pili. Walimu waliowapeleka wanafunzi kuutazama mtepe katika ukumbi wake wanaelewa kilichopotea.

Kosa lililo kubwa zaidi limo maofisini. Nyumba ya mawe na chokaa hutaka kushughulikiwa kila mwaka: ufa uzibwe, mifereji ya paa isafishwe, mche uliochipua ukutani ung'olewe kabla mizizi haijapasua jiwe. Maji yakishapenya, boriti huoza kimyakimya. Msaada wa Oman uliogharamia ukarabati ule ni wa kushukuriwa, lakini mfadhili hapandi darini kila masika yanapokwisha. Hiyo ni kazi ya mtumishi wa umma mwenye mshahara na kasma. Ajabu ni kwamba wakubwa huona wepesi kuandika maombi ya mamilioni ng'ambo kuliko kuidhinisha magunia machache ya chokaa. (Gari la mkubwa, bila shaka, halikosi matengenezo.)

Siku ya kukata utepe hotuba huwa ndefu. Watakaohudhuria wana haki ya kuuliza mawili tu: kasma ya matengenezo ya mwaka unaofuata ni kiasi gani, na nani amekabidhiwa ngazi?