SSD FEKI AU UFUNDI FEKI? BARIADI UKWELI USEMWE!

Wadau, gumzo la mjini Bariadi siyo harusi, ni video ya harusi ambayo mpaka leo haijatoka! Mpiga video mmoja mwenye jina lake mjini (jina kapuni) kajengewa kompyuta mpya: kava la kioo, feni zenye mataa ya rangi. Picha zikarushwa Insta, watu wakashangilia "moto, moto!" Kumbe moto kweli.

Kila akianza kutoa video, mashine inakimbia dakika chache tu, halafu inatambaa kama kinyonga. Lawama zote kwa muuza duka, eti kauza SSD feki. Jina la mtu limechafuliwa mpaka Lamadi.

Jamani! Fundi wa pili alipofungua kava alikuta kipoza joto kimefungwa vizuri juu ya SSD, lakini nailoni ya kwenye padi haijabanduliwa! Joto lipite wapi? SSD za NVMe, zile nyembamba kama bigijii zinazochomekwa kwenye mazabodi, zinaweza kusoma megabaiti 3,500 hadi 7,000 kwa sekunde. Za SATA zinaishia 550 hivi. Kasi hiyo ina joto lake, na likipanda kukaribia nyuzi 80, nyingi hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Huo siyo ufeki, ni kujilinda.

Na zile feni? Mbele pamezibwa kioo, hewa haiingii. Huu ni mkoa wa pamba, kiangazi vumbi mpaka ndani ya sufuria. Pesa ya mataa ilipatikana, ya chujio la vumbi ikakosekana!

Watetezi wanasema fundi bado kijana, aachwe ajifunze. Sawa, ila asijifunzie kwenye harusi za watu. Kubandua nailoni, kugeuza feni ya mbele ivute na ya nyuma itoe, kupima joto kwa programu mashine ikiwa kazini: hayo yote yanafanyika kabla mteja hajalipa.

Na mwenye studio asijifiche nyuma ya fundi. Video ya watu kuiweka sehemu moja tu, bila nakala, ni uzembe wake mwenyewe.

Bibi harusi anasubiri video. Muuza duka anasubiri kuombwa radhi, tena hadharani kama alivyotukanwa. Nani aanze, mpiga video au fundi? Tiririka hapo chini!