Wanaoanza Java wafunzwe kama mafundi wa Katwe

Katika karakana za Katwe, Kampala, kijana anayejifunza kuchomelea haachwi peke yake. Akiweka bawaba upande, fundi humwonyesha kosa, kisha humrudishia kazi airekebishe mwenyewe. Ndivyo wasaidiwe vijana wanaoanza kuandika programu kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995.

Mfanyabiashara wa mpakani asidhani hayo hayamhusu. Ikiwa shilingi moja ya Kenya ni shilingi 28 za Uganda, na mwanafunzi akaiagiza Java igawe 1 kwa 28 kwa namba nzima, kisha izidishe kwa 1,000,000, jibu litakuwa sifuri, maana tarakimu za baada ya nukta hutupwa. Kompyuta hailalamiki, atakayelia ni mwenye mali. Tena, namba ya aina ya int haivuki 2,147,483,647. Mauzo kwa shilingi za Uganda yakipita hapo, jumla hugeuka hasi, kana kwamba ni deni.

Dawa zipo: BigDecimal kwa fedha, long kwa hesabu kubwa. Lakini kumwandikia mwanafunzi jibu zima ni kumpa mlango uliokwisha kuchomelewa. Kesho ukivunjika, hajui pa kuanzia. Mwalimu amuulize alitarajia nini na amepata nini, kisha wafuate hesabu mstari kwa mstari.

Naye mnunuzi wa programu aijaribu kwanza kwa hesabu anayoijua jibu lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari likikosea, hupotea vilevile.