Si Kila Msumari wa Kale ni wa Mreno

Jirani yangu hapa Lamu alikuwa akichimba msingi wa jiko, ikaonekana misumari saba, imeliwa na kutu hata ikafura kama tende. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikwisha kuhukumu: hii ni ya Mreno!

Mimi nakataa. Nimechoka na desturi hii ya kumpa Mreno kila kitu cha kale kitokacho ardhini mwetu, kana kwamba wazee wetu hawakujua kufua chuma. Al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza 1154, alisema chuma ndicho kilichokuwa biashara kubwa ya watu wa Malindi. Mreno hakufika hadi 1498. Wengine hunijibu kwamba mtepe ulishonwa kwa kamba bila msumari. Naam, ulishonwa, lakini milango na masanduku je?

Hoja yao ni kwamba misumari ile ina pembe nne. Ni kweli, msumari uliofuliwa kwa mkono huwa na pembe nne, nao huchongoka pande zote hadi nchani, na kichwani huonekana alama za nyundo. Uliokatwa kwa mashine kutoka bamba la chuma, ulioenea katika karne ya 19, hupungua pande mbili tu. Huu wetu wa mviringo, wa waya, ulienea mwishoni mwa karne hiyo.

Lakini wahunzi wa pwani hawakutupa nyundo zao siku mashine zilipokuja. Waliendelea kufulia majahazi misumari ya pembe nne. Tena chombo kikivunjwa, misumari yake mizuri hung'olewa ikatumiwa kwingine. Basi msumari kama huo waweza kuwa wa miaka 400, au wa babu yake jirani yangu.

Kinachoweza kutuambia ni pale ulipolala na vitu ulivyolala navyo. Hata kutu yenyewe huhifadhi nyuzi za ubao ulipopigiliwa. Bahati mbaya, jirani alikwisha kung'oa minne, akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, akaitia mkebeni. Hiyo sasa ni chuma tu.

Mitatu bado imo shimoni, mmoja kando ya kigae cha sahani ya Kichina. Nimemsihi asiiguse mpaka watu wa makumbusho waje waitazame. Amekubali, ingawa mkewe kila nikipita huniuliza atapika wapi.