Neno la Mwalimu: Ua la usiku mmoja

Juma hili nawaletea habari ya ua lililotunyima usingizi.

Jirani yangu ana ua lenye majani marefu na bapa. Wengine huliita malkia wa usiku. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Kila ua hufunguka usiku mmoja tu, na asubuhi limenyauka. Mwaka 2022, vita vilipofika Kibumba, mmea ulibaki mlangoni ukiwa na tumba. Mama alikata jani moja, akalifunga ndani ya kitenge, akakimbia nalo hadi Kanyaruchinya. Jani la mmea huu likichomekwa udongoni hutoa mizizi. Alilipanda kwenye kopo, na siku ya kurudi kopo lilirudi naye.

Siku ya Yenga aliniita: «Mwalimu, njoo na telefone. Nataka binti yangu alione.» Binti yake yuko Nakivale, Uganda, tangu vita hivyo.

Tumba lililokuwa limeinama lilikuwa limeinua kichwa na kuvimba. Hiyo ndiyo dalili kwamba wakati umefika. Chaji ilikuwa asilimia 30. Niliegemeza telefone kwenye bidoni isitikisike. Taa yake nilizima, maana inafanya ua jeupe lionekane kama karatasi tupu. Mtoto alishika tochi pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe. Tukapiga foto moja kila robo saa, kuanzia saa moja na nusu ya usiku.

Saa tatu harufu ilijaa uani. Saa nne na nusu ua lilikuwa pana kuliko kiganja, na chaji ilibaki ya foto moja. Nikasogea. Mama akanizuia, akaweka mkono wake kando ya ua.

«Piga na mkono. Ua anaweza kuliona popote. Mkono huu ataujua.»

Kesho yake nilichaji, nikatuma foto tatu: tumba, ua nusu, na ua lenye mkono. Binti alijibu kwa maneno machache: «Mama, nitunzie jani.»

La kwake limeshapandwa. Mama ametenga mengine matano kwa ajili yetu. Anayetaka aje mkutanoni siku ya posho na kopo lililotobolewa chini, maana mmea huu hauvumilii maji yaliyotuama. Na likitoa tumba, chajini telefone mapema.