Victoria alikufa, vigogo wakaruka

Ndugu msomaji, ukiambiwa Ulaya kila mtoto ana serikali ya kumlinda, usikubali harakaharaka.

Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast. Shangazi wa baba yake alimchukua akiahidi shule Ulaya. Wazazi wakakubali, kama wazazi wako na wangu ambavyo wangekubali. Tarehe 25 Februari 2000 mtoto huyo akafia hospitalini London, umri miaka 8. Mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Alikuwa akilazwa bafuni kwenye baridi, amefungwa ndani ya mfuko wa taka!

Hakuna aliyejua? Walijua! Hospitali mbili zilimlaza. Maofisa wa ustawi wa jamii walikuwa na faili lake. Polisi pia. Tume ya Lord Laming ilieleza mwaka 2003 kuwa zilipotea nafasi 12 za kumwokoa.

Shangazi na bwana wake walifungwa maisha mwaka 2001. Na maofisini je? Mzigo uliangukia wa chini, wakati Laming mwenyewe alisema kosa kubwa ni la wakubwa.

Mwaka 2004 Waingereza wakatunga sheria mpya. Sawa. Lakini sheria haipigi hodi mlangoni, mtu ndiye hupiga.

Kijana mwenzangu, ndugu akija na ahadi za Ulaya, muulize mtoto atalala wapi. Na kigogo yeyote, wa kule au wa hapa, akikwambia kosa ni la karani, muulize: mzee, wewe mshahara ulikuwa wa kazi gani?