Mtangazaji Asikatwe

Imezuka ada njema katika miji yetu ya mwambao, nayo yastahili kupongezwa kabla ya kukosolewa. Wananchi wengi, wazee kwa vijana, wanakusanya nyimbo za zamani. Wanazitoa kwenye santuri na kaseti, wanazitia katika simu, kompyuta na flashi, kisha wanazipiga barazani, kwa vinyozi na ndani ya mabasi yaendayo Dar es Salaam, wakitaka ladha ya redio ya zamani irudi. Mtu mmoja leo aweza kubeba mfukoni nyimbo elfu tatu. Miaka hamsini iliyopita hazina ya kadiri hiyo ilikuwa mali ya umma, na ilikaa katika jengo la Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere.

Lakini ladha ile hawaipati, na wenyewe wanakiri. Mashine inachanganya nyimbo kama mcheza karata, moja baada ya nyingine mpaka usiku wa manane, wala hakuna barazani awezaye kusema aliyeimba ni nani na bendi ni ipi. Kwenye kioo cha simu imeandikwa “Zilipendwa 0417”. Sisi twaona kasoro iko hapo.

Redio tuliyolelewa nayo haikuwa nyimbo tupu. Ilikuwa ni ngoma ya taarifa ya habari iliyomnyamazisha kila mtu sebuleni. Ilikuwa ni Mkulima wa Kisasa, Mazungumzo Baada ya Habari, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, Ugua Pole kwa walio vitandani hospitalini, na matangazo ya vifo ambayo baba zetu waliyasikiliza wameinamisha vichwa. Ilikuwa ni betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili zipate uhai wa siku mbili zaidi. Mwaka 1973 redio hiyo hiyo iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, nao wakachimba vyoo. Wimbo ulifika katikati ya shughuli hizo, na ulifika ukiwa na mtu wa kuutambulisha. Mtangazaji alitaja jina lake, akataja bendi, na katika vipindi vya salamu akawataja waliosalimu na waliosalimiwa.

Mwezi uliopita tulikaribishwa barazani kwa mzee mmoja wa mjini hapa, mwalimu mstaafu. Mzee huyu ana kaseti alizorekodi mwenyewe katika miaka ya 1980, akiwa amekaa mbele ya redio na vidole viwili juu ya vitufe. Mjukuu wake, kijana hodari wa kompyuta, alizinakili zote kwa muda wa likizo moja. Kazi ilikuwa safi mno. Kijana alikuwa ameondoa mvumo wa masafa mafupi, na kwa nia njema kabisa akaondoa pia sauti ya mtangazaji mwanzoni na mwishoni mwa kila wimbo, kwa kuwa aliihesabu kuwa ni uchafu.

“Mjukuu wangu,” mzee alimwambia mbele yetu, “nyimbo umeniletea. Sasa nani ataniambia ni za nani?”

Kazi ikaanza upya. Baadhi ya kaseti zilikuwa zimekwisha kuliwa na mashine katika safari ile ya kwanza, na maneno yaliyokuwamo hayatasikika tena.

Chuoni, tulipokuwa watoto, maalimu wetu hakukubali hadithi isiyo na isnadi. Ulitakiwa useme umeipokea kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani; ukishindwa, ulikaa chini, hata kama maneno yalikuwa mazuri. Hatudai kwamba muziki wa dansi una daraja la elimu ya dini, na wapo watakaotuguna hata kwa kuvitaja pamoja. Lakini kanuni ile ni ya akili, na twaiona inahitajika sana katika muziki wetu kwa sababu historia yake imejaa kuhamahama. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, na tumekuja kuijua kwa jina la Msondo Ngoma. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarejea Msondo. Anayesikia sauti yake bila kuambiwa bendi atakosea kwa urahisi. Hapa Tanga tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na katika taarabu Black Star na Lucky Star, alikoimba Shakila Said. Kwa kuwa santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi, wapo vijana wanaoamini kwamba muziki huo ni wa Kenya. Hatuwalaumu, kwani hawakuambiwa.

Ikumbukwe pia kwamba nyimbo nyingi zilizorekodiwa Radio Tanzania hazikupata kamwe kuwa santuri. Zilibaki kwenye kanda, na ushahidi wake ukabaki katika mambo mawili: karatasi iliyomo ndani ya boksi la kanda na kinywa cha mtangazaji. Karatasi hufifia, na kanda yenyewe hushikana na kupukutika. Kwa hiyo kaseti ya mwananchi wa kawaida, yenye mvumo na sauti ya jogoo wa jirani, huenda ikawa ndiyo pekee iliyohifadhi jina la mtunzi.

Sisi wa Chama hatuko nje ya lawama. Bendi kubwa zililelewa na jumuiya na mashirika ya umma, na mashirika hayo yalipouzwa au kuvunjwa katika miaka ya 1990, wachache wetu walioulizia makabati ya kumbukumbu yalikwenda wapi.

Twawaomba wenye maktaba hizi wamwache mtangazaji mahali pake. Pale ambapo hayupo, mwenye nyimbo na aseme mwenyewe kwa sauti yake, kabla ya wimbo: jina, bendi, waimbaji, na kama hajui aende akaulize, maana wapigaji gitaa wa miaka ile bado wamo mitaani mwetu, japo wanapungua. Nyimbo ishirini zenye majina zatosha jioni nzima. Saa mbili usiku mzee yule husimamisha kila kitu na kufungulia taarifa ya habari ya TBC Taifa, kisha huendelea; kwa dakika hizo baraza lake huwa redio kweli. Maafisa utamaduni wa wilaya nao wapokee nakala, waandike ni nani aliyezileta, na wasizisambaze bila kuwajali watunzi na warithi wao, ambao wana haki chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Mzee amebakiwa na kaseti kumi na moja. Mjukuu anasema atazimaliza kabla ya Ramadhani, na safari hii hatakata kitu.