Mtihani wa Kiingereza Katika Msimu wa Korosho



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, kwetu sisi watu wa Masasi na Newala mwezi wa Novemba hukutanisha mambo mawili yasiyopatana. Korosho ziko chini ya mikorosho, minada ya vyama vya ushirika iliyoanza Oktoba inaendelea, na kila mkono uliopo nyumbani unatakiwa shambani kuokota kabla mvua hazijaharibu mali. Mwezi huo huo, kwa kawaida, ndipo Baraza la Mitihani la Tanzania hufungua mtihani wa Kidato cha Nne. Kijana aliyesomeshwa miaka minne huingia katika chumba cha mtihani na madoa ya utomvu wa korosho vidoleni, akiwa ameamka alfajiri kwa ajili ya shamba, si kwa ajili ya daftari.

Leo nimekusudia kuuzungumzia mtihani mmoja tu, wa somo la Kiingereza, na hasa sehemu zake mbili ziwaangushazo wengi: uandishi na fasihi. Lugha hiyo ndiyo mlango wa masomo mengine. Mtoto wetu huzungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao na bibi yake, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huifunza ulimi wake Kiarabu cha Qur'ani madrasa, kisha sekondari hukuta Baiolojia, Historia na Jiografia zote kwa Kiingereza. Mitihani anayoweza kuijibu kwa Kiswahili ni michache, Elimu ya Dini ya Kiislamu ikiwa mmojawapo. Asiyeielewa lugha ya swali hawezi kulijibu, hata kama jibu analo moyoni.

Lakini sababu hasa iliyonifanya nishike kalamu ni maneno niyasikiayo barazani baada ya swala: kwamba vitabu vya hadithi vya Kiingereza ni upuuzi, kwamba vina habari za zinaa, na kwamba binti wa Kiislamu hapaswi kuvishika. Maneno haya hutoka kwa watu wenye haya na wenye uchungu na watoto wao. Yanastahili kujibiwa kwa heshima.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. Ni wa saa tatu. Mtahiniwa husoma kifungu na kukijibia maswali, hufanya ufupisho, huonyesha ujuzi wake wa sarufi na msamiati, huandika barua au insha, na mwishoni hukutana na fasihi. Hapo karatasi yenyewe humwekea orodha ya vitabu, naye huchagua kazi mbili alizozisoma na kuzitumia kujibu swali. Kwa miaka mingi orodha hiyo imekuwa na tamthilia kama *The Lion and the Jewel* ya Wole Soyinka wa Nijeria na *The Black Hermit* ya Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, pamoja na riwaya kama *Weep Not, Child* ya huyo huyo Ngugi, *Unanswered Cries* ya Osman Conteh wa Sierra Leone na *Passed Like a Shadow* ya Bernard Mapalala. Alama 30 kwa mia ndizo zinazompa mtahiniwa D, na 45 ndizo zinazompa C. Aliyeiacha sehemu ya fasihi kwa kuwa nyumbani walimkataza vitabu ameukata mkono wake mmoja kabla ya kuanza kazi.

Hofu yetu ina historia. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na kwa miongo mingi elimu ya kizungu katika nyanda hizi ilikuwa imeshikana na kanisa. Mzee aliyemzuia mwanawe asiende shule alikuwa anaihami imani ya mtoto, na sisi wajukuu hatuna haki ya kumcheka. Lakini serikali ilizitaifisha shule hizo baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na leo shule ya kata iko kijijini petu, mwalimu wake husimama nasi safu moja ya swala. Hofu imebaki ilhali kilichoizaa kimeondoka.

Na katika sira ya Mtume wetu, swalla-Llaahu alayhi wasallam, tunaye Zaid bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu wa kuaminika. Zaid aliyamudu katika muda wa kiasi cha nusu mwezi, kama ilivyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Baadaye Abu Bakr alimkabidhi huyo huyo kazi ya kuikusanya Qur'ani. Lugha ya watu wengine haikumpunguzia kitu.

Kuhusu yaliyomo vitabuni, nawaomba wazazi waikumbuke Suratu Yusuf. Ndani yake mna husuda ya ndugu, uongo mbele ya baba, mke wa mkubwa anayemtaka kijana kwa nguvu, na mtu asiye na hatia anayetiwa gerezani. Tunaisoma mbele ya wake zetu na mabinti zetu, tena Mwenyezi Mungu ameiita bora ya visa. Sisemi riwaya ya mwanadamu ilinganishwe na maneno ya Allah, hasha. Nasema kwamba kusimulia dhambi si kuisifu. Kinachohukumiwa ni namna kisa kinavyosimuliwa na funzo analolitoa msomaji.

Tuvitazame vyenyewe. *Unanswered Cries* inahusu binti anayetakiwa kukeketwa, na jinsi jambo hilo linavyowagawa watu wake. *Passed Like a Shadow* inahusu familia inayoteketezwa na UKIMWI. Ni mzazi gani asiyetaka binti yake ayajue hayo kabla hayajamfika? *Weep Not, Child*, iliyotoka mwaka 1964, inamhusu Njoroge, mtoto ambaye ukoo mzima umeweka matumaini yake yote katika shule yake, na ndugu zake wanajinyima ili yeye asome, kisha vita vya ukombozi wa Kenya vinayavuruga yote. Mkulima wa Newala aliyeuza gunia la mwisho la korosho ili kupata sare na madaftari angemwelewa baba wa Njoroge bila kufasiriwa.

Mtihani mgumu kwetu ni *The Lion and the Jewel*. Humo mzee Baroka, chifu mwenye wake wengi, anamlaghai msichana Sidi na kumwingilia kabla ya ndoa. Sitaficha kwamba jambo hilo lipo. Lakini tuelewe kinachoulizwa. Mtahini hamtaki mwanafunzi akubaliane na Baroka. Anamtaka aeleze Baroka alitumia hila gani, kwa nini Sidi alinaswa, na kwa nini mwalimu Lakunle, aliyejaa maneno ya kizungu na kukataa kutoa mahari, alishindwa. Binti wa Kiislamu anayejua kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, wala si bei ya kununuliwa, ana hoja yake mwenyewe ya kuandika hapo. Aiandike, aitie ushahidi kutoka kitabuni, naye atapewa alama. Ningependelea ayasikie habari za Baroka mezani kwa mama yake kuliko kuyakuta yenyewe barabarani, bila kitabu na bila mama.

Sasa nigusie udhaifu ambao, kwa maoni yangu, ni wa watoto wetu wa madrasa hasa, na unatokana na nguvu yao. Wamezoea kuhifadhi. Kijana aliyebeba juzuu kadhaa kifuani huona jambo jepesi kuhifadhi insha ya kurasa mbili kutoka katika vijitabu vya majibu, wanavyoviita madesa. Amehifadhi insha ya dhamira ya mila. Swali linakuja kuhusu nafasi ya mwanamke. Yeye anaimwaga ile ile ya mila, kwa hati nzuri na bila kosa la herufi, na anashangaa matokeo. Qur'ani huhifadhiwa kwa sababu herufi yake haibadilishwi. Swali la mtihani hubadilishwa kila mwaka kwa makusudi.

Dawa tunayo wenyewe, ndani ya darsa. Nani katika sisi hakuona sheikh akisomesha *Safinatun Najah*? Husoma sentensi ya Kiarabu, huitoa maana kwa Kiswahili, huuliza, huifafanua kwa mfano wa kijijini, kisha humrudisha mwanafunzi kwenye Kiarabu. Riwaya ya Kiingereza isomwe vivyo hivyo. Ukurasa mmoja kwa sauti. Maana kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kimakonde. Kisha mwanafunzi aseme jambo lile lile kwa Kiingereza chake, hata kibovu, na aliandike. Kurasa tano za namna hiyo zina faida kuliko madesa matano.

Katika uandishi makosa yetu yanajulikana. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Kiingereza kina wawili, hivyo Sidi wa watu hugeuka mwanamume katikati ya aya. Nasi watu wa Kusini tuchanganyao r na l tujihadhari zaidi: kwa herufi hiyo moja wali wa Kiingereza hugeuka chawa, na mtahini wa mbali hatajua kwamba ulimaanisha chakula. Ama barua rasmi isimtishe mtoto. Umbo lake ni ndugu wa barua anazoziona kila siku ubaoni msikitini: anuani ya mwandishi, tarehe, anuani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha habari, maelezo, na sahihi. Mpeni hata kazi ya kuandika barua ya kamati kwa mtendaji wa kata, kisha aiandike tena kwa Kiingereza. Na kwenye mtihani atumie jina na anuani alivyoelekezwa katika swali, asijitambulishe.

Wapo watakaosema Kiingereza ni cha watoto wa mjini. Hayati Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, hapa hapa Masasi, akasomea Kiingereza Makerere na kuhitimu mwaka 1962, akawa mhariri wa magazeti, kisha Rais wa nchi kwa miaka kumi. Vumbi lililomlea ni hili hili letu.

Linabaki shamba. Siwezi kumwambia mkulima aziache korosho chini; ndizo zinazolisha nyumba na kuchangia hata taa ya msikiti. Ninachoomba ni mapatano. Mtoto wa Kidato cha Nne aokote asubuhi za Jumamosi na Jumapili hadi mwisho wa Septemba na Oktoba, na kuanzia wiki mbili kabla ya mtihani zamu yake ichukuliwe na wengine, au aajiriwe mwokotaji kwa siku hizo chache. Ujira wa mwokotaji ni mdogo ukilinganisha na gharama ya kurudia mtihani. Maji nayo, hasa kwa mabinti wa Newala wanaoyafuata mbali, yagawanywe na kaka zao. Kwa upande wetu, nitaiweka mbele ya kamati hoja ya kuiacha taa ya baraza ikiwaka baada ya Isha hadi saa nne, wavulana wasome hapo, na mabinti wapewe chumba cha madrasa pamoja na ustadhat wa kuwasimamia. Umeme wa ziada tutauchangia kama tunavyochangia futari.

Na mama asiyejua Kiingereza, hata asiyejua kusoma, asidhani hana kazi. Usiku anapobangua korosho za kula, amwambie mwanawe: nisimulie kitabu ulichosoma leo. Nani alifanya nini, kwa nini, na yakamfika yapi? Mtoto aliyekielewa kitabu atakisimulia mpaka mama acheke au akasirike. Akianza kugugumia na kurukaruka, amrudishe kwenye ukurasa ule ule, amsogezee na taa.